Shahamu na Nasaba: Uchambuzi wa Unono wa Ng'ombe Wanaokua

Wawekwapo maksai wawili wa umri mmoja katika zizi moja, wakalishwa chakula kimoja na kunyweshwa maji ya kisima kimoja, kisha wakachinjwa siku moja, mchinjaji awapasuapo huona tofauti ambayo jicho halikuitambua walipokuwa hai. Ikiwa wa kwanza ni wa mbegu ya Hereford, atamkuta amevaa tabaka nene ya shahamu chini ya ngozi, iliyotanda juu ya mgongo na mbavu. Na ikiwa wa pili ni wa mbegu ya Friesian, ataona ngozi imelala karibu juu ya mnofu mtupu, ilhali figo zimezama katika bonge zito la mafuta na utando uvikao matumbo umejaa pomoni. Ulinganisho wa namna hiyo hasa, wa maksai wa Hereford na wa Friesian, ulichapishwa nchini Uingereza mwaka 1983, na jambo lililothibiti ndani yake ni kwamba nasaba hutawala wingi wa mafuta na hutawala vilevile mahali pa kuyaweka akiba. Hapo ndipo linapozaliwa suala ambalo makala haya yanakusudia kulipitia: mafuta ya ng'ombe huotaje tangu azaliwapo hadi akomaapo, ni tofauti zipi za mbegu zilizo za kweli na zipi ni kiini macho cha vipimo vyetu, na sisi wa Afrika Mashariki, wenye zebu, Boran na Ankole, tuyapokee vipi maarifa yaliyokusanywa juu ya ng'ombe wa nchi za baridi.

Wako watakaouliza kwa nini mafuta yastahili uchambuzi mrefu, hali mnunuzi wa nyama hutaka mnofu. Sababu ni kwamba katika mwili wa ng'ombe hakuna kitu kigeukacho kama mafuta. Mifupa hufuata kimo, na misuli hupangwa mwilini kwa uwiano ubadilikao kidogo mno toka mbegu moja hadi nyingine. Jambo hili lilidhihirishwa na Rex Butterfield wa Australia, bingwa wa maumbile ya ndani ya wanyama, ambaye alikuwa akiichambua miili ya ng'ombe msuli baada ya msuli na kuupima kila mmoja peke yake, hata mwaka 1976 yeye na Roy Berg wa Kanada wakatoa kitabu kizima juu ya ukuaji wa ng'ombe. Wafugaji walikuwa wamejivunia kwa muda mrefu kwamba mbegu zao zimejaaliwa nyama nyingi zaidi katika sehemu za bei kubwa, yaani sarara na mapaja. Mizani ya Butterfield ikaonyesha kwamba uwiano wa misuli hiyo karibu ni ule ule kwa wote, na kwamba kinachoupa mwili umbo la kuvutia macho mara nyingi ni mafuta yaliyojaza mabonde yake.

Isitoshe, mafuta ni ghali. Gramu moja ya mafuta hubeba nishati ya kilojuli 39 hivi, na mnofu karibu robo tatu yake ni maji. Kwa hiyo kilo moja ya shahamu humla mfugaji chakula kingi mno kuliko kilo moja ya mnofu. Alishaye pumba, mashudu na molasi huilipa gharama hiyo kwa fedha taslimu, na achungaye nyikani huilipa kwa majani na kwa miezi. Yakizidi, mafuta hukatwa buchani na kuuzwa kwa bei ya chini. Yakipungua, nyama hukosa utamu na ulaini, na zaidi ya hayo mwili uliochunwa ukiingizwa katika chumba cha baridi bila ya vazi la shahamu hupoa upesi kupita kiasi, misuli ikajikunja kabla haijatulia, na nyama ikawa ngumu hata ikipikwa kutwa. Kiasi cha wastani basi ndicho kitafutwacho, na kiasi hicho kila mbegu hukifikia kwa wakati wake na kwa njia yake.

Mpango wa ukuaji wa mnyama ulianza kufahamika vema mwaka 1932, mwaka uliotoa vitabu viwili vyenye athari kubwa. Kimoja ni cha John Hammond wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kilichohusu kondoo lakini hoja yake ikaenea kwa mifugo yote: ya kwamba sehemu za mwili hazikui kwa kasi moja wala kwa wakati mmoja, bali kichwa na miguu hutangulia na kiuno huja mwisho, na kwamba kwa upande wa tishu, ubongo na mishipa ya fahamu huwa mbele, mifupa ikafuata, misuli ikafuata mifupa, na mafuta yakawa nyuma ya yote. Cha pili ni cha Julian Huxley, aliyeonyesha kwa hesabu kwamba ukuaji wa kiungo ukilinganishwa na ukuaji wa mwili mzima hufuata kanuni moja nyepesi, hata mtu ajuaye uzito wa mwili akaweza kuukadiria uzito wa kiungo. Hammond alikuwa na jicho la mfugaji, Huxley alikuwa na kalamu ya mwanahesabu, na karibu kila ulinganisho wa mbegu uliofanywa tangu hapo umesimama juu ya msingi uliowekwa na hao wawili.

Mafuta yenyewe nayo yana zamu zake. Ya kwanza kuonekana ni yale yazungukayo figo. Ndama huzaliwa nayo, na wakati huo rangi yake ni ya hudhurungi, kwa kuwa kazi yake si akiba bali ni kuunguzwa ili kumpa joto kiumbe aliyetoka katika tumbo la mama na kuingia katika upepo. Baada ya siku za mwanzo hugeuka kuwa meupe na kushika kazi ya akiba. Wakati huo yale yakaayo kati ya msuli na msuli nayo yamekwisha kuanza, na kwa mnyama aliyekomaa hayo huwa fungu kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana hayaonekani hadi kisu kipite. Kisha hushamiri ya chini ya ngozi, ambayo ndiyo mnunuzi wa mnadani huyapapasa kwa vidole vyake penye mbavu za nyuma na penye shina la mkia. Ya mwisho kabisa ni yale yajipenyezayo ndani ya msuli wenyewe, baina ya mafungu ya nyuzi, yaonekanayo kama mistari na madoa meupe katika mnofu mwekundu. Hayo ndiyo yapandishayo bei ya nyama katika masoko ya Marekani na Japani. Mnyama akikosa chakula, safari hugeuka: akiba ya chini ya ngozi na ya tumboni hutumika mapema, na mnofu huja kuguswa kwa nguvu wakati hali imekuwa mbaya.

Ukitaka kujua tofauti hizi zatoka wapi, huna budi kushuka hadi kwenye seli. Seli ya mafuta ni kama kibuyu: akiba ya nyumba yaweza kuongezeka kwa kuvijaza vibuyu vilivyopo, au kwa kutafuta vibuyu vipya. Mwili wa ng'ombe hufanya yote mawili, lakini kwa nyakati mbalimbali. Robelin, mchunguzi wa Kifaransa, aliwafuatilia wanyama tangu walipokuwa na asilimia 15 ya uzito wa utu uzima wao hadi walipofika asilimia 65, na kazi yake iliyotoka mwaka 1981 ilionyesha kwamba seli hujaa kwanza, kisha zinapofika ukubwa fulani huchomoza kundi jipya la seli ndogo, hata ukizitazama kwa hadubini utaona makundi mawili ya seli, kubwa na ndogo, katika kipande kimoja cha shahamu. Penye figo uzaaji wa seli hukoma mapema. Ndani ya msuli huendelea hadi baadaye sana. Ndiyo maana mnyama aliyedumaa utotoni na kunenepeshwa ukubwani hujaza tumbo na ngozi kwa wepesi, lakini mafuta ya ndani ya mnofu hayamjii kwa wingi uleule. Maji nayo hupungua kadiri mafuta yanavyojaa: shahamu ya ndama ina majimaji mengi na ni laini kama utando, na ile ya maksai mnene huwa karibu mafuta matupu.

Sasa tuzifikie mbegu zenyewe, na tuanze na historia, maana hapana mbegu iliyojizalia tabia zake. Ng'ombe wa Kiingereza wa karne ya 18 walichaguliwa waziwazi kwa ajili ya unono. Robert Bakewell wa Dishley, aliyefariki mwaka 1795, na wafugaji waliomfuata, walitafuta mnyama anenepaye upesi na kwa umri mdogo. Shahamu wakati ule ilikuwa chakula cha mfanyakazi wa jembe na tena ilikuwa malighafi ya mishumaa, wala hapakuwa na taa nyingine katika nyumba nyingi. Yule maksai mashuhuri wa Durham, aliyezaliwa mwaka 1796, alizungushwa katika miji ya Uingereza akiwa ndani ya gari lake maalumu, na watu walilipa kumtazama kwa sababu ya unene wake. Kutoka katika fikra hizo zilitokea Shorthorn, Hereford na Aberdeen Angus: wanyama wa umbo la wastani, wepesi wa kukomaa, wawezao kuvaa shahamu kabla ya umri wa miaka miwili wakiwa katika malisho mazuri. Ng'ombe wa Kifaransa wa Charolais na Limousin walitoka katika njia nyingine. Wao walikuwa wanyama wa jembe na mkokoteni, na waliotakiwa walikuwa maksai warefu wenye misuli; mbegu hizo hukua kwa muda mrefu, huchelewa kukomaa, na huchelewa kunenepa. Watu wa Ulaya walipoacha kupenda mafuta baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza, ambao walikuwa wamewauzia fahali wao walimwengu wote, waliruhusu mwaka 1961 fahali wa Charolais kuingia nchini mwao ili wajaribiwe kwa kupandishwa ng'ombe wa maziwa. Soko liligeuka, na lililokuwa fadhila likawa taksiri.

Lakini hapa ndipo ulinganisho wa mbegu unapopoteza njia mara nyingi, nami naomba msomaji avumilie nikilitilia mkazo jambo hili, kwa kuwa naona ndilo ufunguo wa suala zima. Akichinjwa Angus na Charolais wakiwa na umri wa miezi 18 kila mmoja, Angus ataonekana mnono na Charolais mkavu, na mtu wa pupa atakata shauri kwamba nasaba ya kwanza ni ya mafuta na ya pili ni ya mnofu. Hali ilivyo, Angus huyo amekwisha kutembea sehemu kubwa ya safari yake kuelekea utu uzima, na Charolais, ambaye fahali wake akikomaa hupita kilo 1,000, bado yuko katikati ya njia. Wakilinganishwa kwa uzito mmoja upotovu ni ule ule, maana kilo 450 kwa mmoja ni karibu na ukamilifu na kwa mwingine ni ujana. St. C. S. Taylor, aliyekuwa akifanya kazi Edinburgh, alitoa mwaka 1980 kanuni za kupima ukuaji kwa kadiri ya ukubwa wa utu uzima wa kila mbegu, na mtu akizifuata huona kwamba sehemu kubwa ya tofauti za unono huyeyuka: mbegu zikipimwa kila moja ikiwa na fungu lile lile la uzito wake wa mwisho, hukaribiana kuliko jicho linavyosadiki. Kwa maneno mengine, tofauti ya kwanza baina ya mbegu ni tofauti ya saa. Kila moja husoma saa yake, na mchinjaji asiyejua saa ya mnyama wake hudhani amepima nasaba kumbe amepima umri.

Je, saa ikisawazishwa hubaki nini? Hubaki mambo mawili, na haya ndiyo ya nasaba kwelikweli. La kwanza ni mgawanyo wa mahali, ambao tumeugusa katika wale maksai wa Hereford na Friesian. Ng'ombe wa asili ya maziwa, wakiwa madume au majike, wamekhasiwa au hawakukhasiwa, huelekea kuweka fungu kubwa la mafuta yao ndani ya tumbo, na wa asili ya nyama huelekea kuyaweka chini ya ngozi. Katika kituo cha utafiti cha Clay Center, Nebraska, ambako Wamarekani walianza mnamo miaka ya mwisho ya 1960 kuzilinganisha mbegu nyingi chini ya mpango mmoja mkubwa, chotara wa Jersey walionekana wana mafuta mengi ya figo na nyonga, na papo hapo wana mafuta mengi ya ndani ya mnofu, ilhali ngozi zao zilifunika shahamu chache. Maelezo yanayonielea ni kwamba ng'ombe aliyechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya maziwa alihitaji akiba iliyo karibu na kazi, itakayochotwa upesi katika majuma ya mwanzo baada ya kuzaa, wakati maziwa yanapotoka mengi kuliko chakula kinachoingia. Na dume wa mbegu hiyo amerithi ghala asilolitumia. Mfugaji apelekaye ndama dume wa Friesian sokoni hana budi kukumbuka kwamba sehemu ya chakula alichomlisha itaachwa machinjioni pamoja na matumbo.

La pili ni wingi wa seli na amri zitolewazo na jeni. Hapa mifano miwili ya kupindukia yatosha. Ng'ombe wa Belgian Blue ana kasoro katika jeni izuiayo misuli isikue kupita kiasi. Mwaka 1997 ilifahamika kwamba zimepungua herufi 11 katika maandishi ya jeni hiyo, hata breki ikakosa kushika, misuli ikatuna katika mapaja na mabega, na mafuta yakapungua kila mahali mwilini. Mbegu ya Piedmontese ya Italia ina kasoro katika jeni hiyo hiyo, ijapokuwa kosa lenyewe ni lingine. Nafuu hiyo ina malipo yake: majike wengi wa Belgian Blue hawawezi kuzaa ila kwa kupasuliwa. Upande wa pili wa mizani wako ng'ombe weusi wa Japani, waliotambuliwa rasmi kuwa mbegu mwaka 1944 baada ya miongo ya kuchanganywa na damu ya kigeni iliyoingia katika zama za Meiji. Hao hulishwa nafaka kwa muda mrefu, wakachinjwa wakiwa na miezi 28 hadi 30 hivi, na nyama yao hupewa daraja kwa wingi wa madoa ya mafuta, toka namba 1 hadi 12, utaratibu uliowekwa mwaka 1988. Soko la Japani lilipofunguliwa kwa nyama ya nje mwaka 1991, wafugaji wao wakazidi kuchagua kwa kigezo hicho, maana hapo ndipo mgeni hakuweza kuwafikia.

Wachunguzi walipowachinja wanyama wa mbegu nne wakiwa na umri wa miezi 24, wakapima mafuta ya ndani ya msuli wa mgongo, ng'ombe wa Kijapani alipatikana na zaidi ya asilimia 20, Angus wa Ujerumani na Holstein kila mmoja akawa chini ya asilimia 5, na Belgian Blue hakufika asilimia 1. Tofauti kama hiyo haielezwi kwa saa peke yake. Msuli wa Mjapani una seli nyingi za mafuta zilizokubali kuwa seli za mafuta mapema, na zina uwezo mkubwa wa kugeuza mafuta magumu kuwa laini, hata shahamu yake huanza kuyeyuka kwa joto la mkono. Wenyeji wake huongeza hila ya kupunguza vitamini A katika chakula, kwa kuwa upungufu huo husaidia mafuta ya ndani ya mnofu. Lakini ukipita mpaka, mnyama hupofuka, na mimi sioni insafu katika utamu utafutwao kwa njia hiyo.

Jinsia na chakula nitavipitia kwa haraka, si kwa kuwa ni vidogo bali kwa kuwa kanuni zake ni nyepesi: fahali ni mkavu kuliko maksai, na mtamba hunenepa akiwa na uzito mdogo kuliko wote wawili, na mbegu ikomaayo mapema ikilishwa nafaka nyingi hunenepa kabla haijakua, ilhali ile ichelewayo huhitaji chakula hicho hicho ili ifikie unono wa kutosha. Rangi pia si jambo la nasaba tupu. Mafuta ya manjano hutokana na karotini ya majani mabichi, ijapokuwa ni kweli kwamba Jersey na Guernsey huihifadhi rangi hiyo kuliko mbegu nyingine. Mnunuzi aikataaye nyama ya manjano kwa kudhani ni ya mnyama mgonjwa au mzee huenda anaikataa nyama ya mnyama aliyeshiba malisho mema.

Turudi sasa Afrika Mashariki, ambako ng'ombe walio wengi ni zebu wadogo: wale wa Wamasai, wa Wagogo na Wasukuma, weupe wa Singida, wekundu wa Iringa na ndugu zao. Kando yao wako Boran, wenye asili ya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambao wafugaji wa Kenya waliwachagua kwa ajili ya nyama na kuwaundia chama chao mwaka 1951. Na wako Ankole wenye pembe kubwa, wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kagera, ambao nundu yao ni ndogo na imesogea kuelekea shingoni. Nundu ya zebu, ijulikanayo sana katika majiko ya pwani, watu huidhania kuwa ghala tupu la mafuta. Kwa hakika ni msuli wa mgongoni uliochanganyika na shahamu, na hutuna au kulegea kulingana na hali ya mnyama, hata mchungaji mzoefu huusoma msimu kwa kuitazama.

Utafiti wa mafuta ya ng'ombe hawa si mgeni kwetu. Mwaka 1962 Ledger na Hutchison walichapisha kazi yao juu ya zebu wa Afrika Mashariki, wakionyesha kwamba ubavu wa 10 ukikatwa na kuchambuliwa, ukatengwa mnofu upande mmoja, mafuta upande wa pili na mifupa upande wa tatu, waweza kukadiria mwili mzima bila ya kuuharibu wote. Ni kazi ya subira: kipande hukaa juu ya meza, kisu chembamba kikapita kati ya tabaka na tabaka, mafuta ya chini ya ngozi yakawekwa mbali na yale ya baina ya misuli, na kila fungu likapimwa kabla halijakauka kwa upepo. Ledger huyohuyo alikuja kulinganisha miili ya wanyama wa porini na ya ng'ombe, na ikadhihirika kuwa paa na swala wa nyika ni mnofu karibu mtupu mwaka mzima, ilhali ng'ombe wetu, hata yule adhaniwaye mkavu, ni mtunza akiba hodari. Na mwaka 1977, yeye na Sayers walieleza habari za maksai waliolishwa kiasi cha kuwabakiza katika uzito mmoja tu, wasiongezeke wala wasipungue: kadiri majuma yalivyopita, chakula kilichotosha kuwashikilia hapo kilizidi kupungua kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mwili ulijifunza kuishi kwa kidogo.

Ndani ya habari hiyo mna ufafanuzi wa jambo ambalo wanunuzi wa minadani hulikosea kila mwaka. Zebu hukua kwa ngazi na si kwa mteremko mmoja: masika hunenepa, kiangazi hukonda, na masika yakirudi hulipa deni lake kwa mnofu kwanza na kwa mafuta baadaye. Maksai wa miaka minne aliyepita viangazi vinne, na fahali wa kigeni wa miezi 18 ambaye hakuona njaa hata siku moja, hawawezi kuwekwa katika mizani moja na ikasemwa kwamba mizani imetoa hukumu juu ya nasaba. Zebu mdogo, ambaye akikomaa huwa na kilo mia mbili na kitu au mia tatu na kitu, ni mnyama wa umbo dogo, na kwa kanuni za Taylor mnyama wa umbo dogo hufikia unono kwa uzito mdogo. Hayo yanaonekana katika mazizi ya unenepeshaji ya Shinyanga na Mwanza, ambako maksai wa kienyeji hulishwa mashudu na makapi ya pamba: wiki za mwanzo huongezeka kwa kasi na sehemu kubwa ya uzito huo ni mnofu, kisha kasi hupungua na kila kilo izidiyo huwa shahamu. Mwenye zizi asiyejua zamu hiyo huendelea kulisha kwa tamaa ya uzito, na faida ya mwezi wa tatu ikaliwa na mwezi wa tano.

Ni kweli pia kwamba damu ya zebu, katika majaribio mengi ya Marekani na Australia, imeonekana kuleta mafuta machache ndani ya mnofu na nyama ngumu zaidi kuliko damu ya Angus au Hereford, na ugumu huo una sababu nyingine zaidi ya mafuta, kwa kuwa misuli ya zebu ina wingi wa protini izuiayo vimeng'enya vya kulainisha nyama baada ya kuchinjwa. Sitaki kuificha kweli hiyo. Lakini zebu aliyepimwa zaidi katika majaribio hayo ni Brahman, aliyetengenezwa Marekani kwa damu ya ng'ombe wa Kihindi, na si wetu. Boran alipelekwa katika mpango wa Clay Center baadaye, pamoja na Tuli wa kusini mwa Afrika, kwa sababu ilikwisha kufahamika kwamba ng'ombe wa joto hawafanani wote. Kumhukumu ng'ombe wa Singida kwa makosa ya Brahman ni kumfunga mtu kwa deni la jina lake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mashamba ya mifugo na miradi ya uboreshaji ya nchi zetu yameleta fahali wa kigeni kwa hoja kwamba ng'ombe wa kienyeji hanenepi, na hoja hiyo mara nyingi imesimama juu ya miili iliyopimwa mwishoni mwa kiangazi, ya wanyama ambao umri wao haukuandikwa. Chotara mkubwa achelewaye kukomaa, akiachwa katika malisho yasiyotosha mwili wake, hufika machinjioni akiwa na mifupa mirefu na bila ya shahamu yoyote, na hapo hasara ni ya mwenye ng'ombe na ya mlaji pamoja. Chotara wa Boran na zebu mdogo, au Boran mwenyewe, ambaye hunenepa kwa majani, anafaa zaidi mahali ambapo mashudu ni ghali; na wenye uwezo wa kulisha kwa ukamilifu waruhusiwe kutafuta mbegu kubwa, mradi waifuate kwa chakula hadi mwisho wa saa yake.

Nawasihi basi wasimamizi wa machinjio na minada, na vijana wetu wanaosomea mifugo, waandike mambo manne kwa kila mnyama apitaye mikononi mwao: mbegu yake au ya wazazi wake, umri wake kwa meno, mwezi aliochinjwa, na uzito wa mafuta ya figo zake. Mizani ipo, kisu kipo, na kuyatenga mafuta ya figo ni kazi ya dakika chache; daftari la miaka kumi ya namna hiyo, kutoka Dodoma, Garissa au Mbarara, litatufundisha juu ya ng'ombe wetu mambo ambayo hakuna kituo cha Nebraska kiwezacho kutufundisha.